Mama, mtoto anatazama kisogo chako

Msomaji mpenzi, kwa muda sasa nimekuwa nikikuandikia katika ukurasa huu kuhusu malezi, nikikueleza lipi lifaalo na lipi la kuepukwa. Leo sitaanza kwa ushauri. Leo nitaanza kwa kuungama, kisha wewe mwenyewe utaamua iwapo ningali nastahili kukushauri.

Ilikuwa Jumamosi moja ya katikati ya mwezi wa Januari, ule mwezi ambao wazazi wa jijini tumeubandika jina la Njaanuari. Karo ilikuwa imelipwa nusu, sare zilikuwa zimenunuliwa kwa mkopo wa chama, na mwisho wa mwezi ulikuwa ungali mbali. Nilikuwa jikoni nikikaanga sukuma wiki, nayo simu yangu ilikuwa juu ya meza sebuleni. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, alikuwa ndiyo kwanza ameingia Gredi ya Pili. Alikuwa amejua kusoma, na kila kilichoandikwa alikisoma kwa sauti: mabango ya barabarani, pakiti za unga, hata maneno yaliyochorwa kwenye matatu ambayo heri angeyaacha. Simu ilipotoa mlio wa ujumbe, aliichukua akasoma.

"Mama, umetumiwa pesa! Elfu mbili mia nane!"

Nilipangusa mikono nikaitazama. Zilikuwa zimeingia kweli kwa M-Pesa, na jina la aliyezituma sikulijua. Kabla sijarudi jikoni simu ikaita. Alikuwa mwanamke, sauti yake ya mtu mzima na yenye wasiwasi.

"Dadangu, samahani sana," akasema. "Nimekosea nambari moja tu ya mwisho. Hizo ni pesa za karo ya mtoto. Tafadhali nirudishie, Mungu atakubariki."

Msomaji, unajua nilijibu nini? Nilimwambia, "Sijaona pesa yoyote, mama. Labda zilienda kwa mtu mwingine." Kisha nikakata simu. Alipopiga tena sikushika.

Moyoni nilijitetea vilivyo. Nilijiambia kwamba matapeli wa simu wamejaa siku hizi, na kwamba wengi wao huanza kwa maneno hayo hayo ya kukosea nambari. Ni kweli wamejaa. Lakini tapeli hukutumia ujumbe wa kughushi, na ukitazama salio lako hupati hata senti imeongezeka. Mimi nilikuwa nimetazama salio. Zilikuwemo. Nilijiambia pia kwamba huenda Mungu ameona shida zangu. Ajabu ni kwamba ukitaka kula cha mwenyewe, hata jina la Mungu hulitia katika hesabu.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya meza, akinitazama. Hakuuliza neno. Nikamwambia aende akanawe mikono, chakula ki tayari.

Siku kumi baadaye mwalimu wake alinipigia. Pakiti ya krayoni ya mwanafunzi mwenzake ilikuwa imepatikana ndani ya mkoba wa binti yangu. Mwalimu hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mama, zungumza naye. Nimemuuliza mara tatu, na mara tatu amesema hajaziona."

Jioni hiyo nilimkalisha mbele yangu, nikavua kandambili nikaishika mkononi. Nilimuuliza kwa nini aliiba.

"Sikuiba, Mama. Ziliingia kwenye mkoba wangu."

"Zinawezaje kuingia zenyewe?"

Akanitazama, wala si kwa ujeuri. Alikuwa akieleza jambo alilodhani nalijua. "Kama zile pesa za simu," akasema.

Niliiweka kandambili chini. Sikuwa na la kumjibu.

KISOGO CHA NINA

Wahenga walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Methali hii nimeisikia tangu utotoni na hata kuiandika katika insha nikapata alama, lakini sikuwahi kuitafakari hadi jioni ile. Mtoto aliye mgongoni haoni uso wa mama yake. Uso ni ule tunaoutengeneza kwa ajili ya watu: tukienda kanisani au msikitini, tukienda mkutano wa wazazi shuleni, tukipokea wageni. Mtoto huona kisogo, yaani upande ule ambao sisi wenyewe hatuuoni wala hatuna habari kwamba unaonekana. Na huko ndiko anakokwenda, kwa sababu aliyembeba ndiye anayemwelekeza njia.

Sisi akina mama tunapenda methali nyingine, ile isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twaipenda kwa sababu inatusifu sisi na kuulaumu ulimwengu. Tukiona kijana amepotea, tunasema hakufunzwa. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mtoto asiyefunzwa na mamaye. Kila mtoto hufunzwa. Swali ni amefunzwa nini, na kwa njia gani.

Binti yangu nilikuwa nimemfunza mara nyingi kwa maneno kwamba wizi ni dhambi na uongo ni aibu. Somo hilo alilijua kwa moyo. Hata shuleni analisikia. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019 umeorodhesha maadili manane ambayo mtoto anapaswa kukua nayo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Yote manane yamo vitabuni mwake. Lakini siku ile ya pesa za simu nilimfunza somo la tisa, nalo halikuhitaji kitabu: kwamba kilichoingia kwako ni chako, mradi mwenyewe hana njia ya kukupata.

UONGO WA KILA SIKU

Huenda wewe msomaji hujawahi kubaki na pesa za mtu. Hongera. Lakini hebu tutembee pamoja siku moja tu ya maisha ya jijini tuone.

Asubuhi mwenye ploti anagonga mlango, na kodi haijapatikana. Mama anajificha chumbani, anamnong'oneza mwanawe wa miaka minne, "Mwambie mama hayupo." Mtoto anafungua mlango anasema, "Mama amesema nikwambie hayupo." Kisa hiki hutuchekesha sana tukikisimulia, na watu hukisimulia kama mzaha. Lakini tazama baada ya mwenye ploti kuondoka. Mtoto yule hukaripiwa. Na hakaripiwi kwa kusema uongo, bali kwa kutoujua vizuri. Mwaka unaofuata atakuwa ameujua.

Tukiingia matatu, utingo anauliza umri wa mtoto. Mtoto ana miaka saba, lakini mama anasema ana minne na atampakata. Mtoto, ambaye juzi tu alikatiwa keki na kuimbiwa kwa kufikisha saba, anataka kusahihisha. Mama anamfinya paja. Ndani ya matatu hiyo hiyo simu inaita, na mama aliye Kariobangi anamwambia mwenzake, "Niko hapa Ngara, nafika sasa hivi." Mtoto anatazama dirishani. Ngara anaijua, na haioni.

Jioni kuna kazi ya shule. Mwalimu ameagiza kila mtoto atengeneze mfano wa nyumba kwa makaratasi na vijiti. Mtoto anaanza, nyumba inapinda, na mama ana haraka ya kulala. Basi mama anaijenga mwenyewe usiku, nyumba nzuri yenye paa na madirisha, na asubuhi mtoto anaipeleka shuleni na kusifiwa mbele ya darasa kwa kazi ambayo mkono wake haukuigusa. Nakwambia hili kwa sababu mimi mwenyewe nimejenga nyumba mbili na jogoo mmoja.

Kila moja ya hizi ni kitu kidogo. Hakuna atakayefungwa jela kwa kumpunguzia mtoto umri ndani ya matatu. Lakini mtoto hajui uongo mdogo na uongo mkubwa. Kupima uzito wa uongo ni ujuzi wa watu wazima, na mara nyingi ni ujuzi wa kujidanganya. Yeye huona jambo moja tu: kwamba mama akibanwa, husema lisilokuwepo, na mambo hunyooka.

Nasi tunajua uongo huu unakoelekea ukiachwa ukue. Katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne wa 2015 udanganyifu ulienea kiasi kwamba Machi 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alivunja bodi ya Baraza la Mitihani nchini. Tuliwalaumu maafisa, walimu na wanafunzi. Lakini mtoto wa miaka 17 hupata wapi pesa za kununulia karatasi ya mtihani iliyoibwa? Wengine walipewa na wazazi wao. Na mzazi anayempa mwanawe pesa za kununua mtihani hakuianza siku hiyo safari yake. Aliianza zamani, pengine kwa nyumba ya makaratasi.

WALIYOONA WATAFITI

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi, kwamba watoto husahau. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego nchini Marekani, Chelsea Hays na Leslie Carver, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto 186 wenye umri wa miaka mitatu hadi saba. Baadhi ya watoto waliambiwa kwamba katika chumba cha pili kulikuwa na bakuli kubwa lililojaa peremende. Baadaye mtafiti alikiri kwamba hakukuwa na peremende yoyote, alisema hivyo ili tu mtoto akubali kuja kucheza. Watoto wengine hawakudanganywa.

Kisha kila mtoto alipewa mchezo wa kutambua kitu cha kuchezea kwa kusikiliza sauti yake bila kukiona. Mtafiti akatoka nje kwa sekunde 90, akimwonya mtoto asichungulie. Miongoni mwa watoto wa miaka mitano hadi saba ambao hawakuwa wamedanganywa, kadiri ya asilimia 60 walichungulia, na kadiri ya asilimia 60 ya hao waliochungulia wakakana. Miongoni mwa wale waliokuwa wamedanganywa, waliochungulia walikaribia asilimia 80, na karibu asilimia 90 ya hao wakakana. Kwa wale wadogo wa miaka mitatu na minne, tofauti hiyo haikuonekana.

Zingatia mambo mawili, msomaji. La kwanza, watoto hao walidanganywa mara moja tu, na mgeni, kuhusu peremende. Uchunguzi huo haukuwahusu mama zao. Nakuachia wewe ukadirie uzito wa uongo wa mtu ambaye mtoto humwamini kuliko mwingine yeyote, unaorudiwa kila wiki. La pili, umri. Mtoto wa miaka mitatu huenda bado hajaunganisha mambo. Lakini afikapo mitano, sita, saba, ameanza kuweka hesabu. Ndiyo maana wazee walihimiza samaki akunjwe angali mbichi.

MAMA WALIOACHA ALAMA

Kwa nini basi nasema mama? Si kwa kuwa baba hana wajibu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea na kumkimu mtoto, wawe wameoana au la. Baba anayesoma gazeti hili asigeuze ukurasa akidhani hayamhusu. Mtoto akishuka mgongoni mwa mama hutembea akifuata nyayo za baba. Lakini katika nyumba nyingi miaka ile ya kwanza mtoto hukaa karibu na mama. Maneno ya kwanza ni ya mama, na hofu ya kwanza na aibu ya kwanza huzisoma usoni pa mama. Hilo ni jukumu kubwa, na mama zetu walilijua.

Wanafunzi mnaosoma fasihi mnamjua Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa nasaha. Wengi huukumbuka kwa yale aliyomwagiza bintiye kuhusu mume, na wengine wetu hatukubaliani nayo yote leo. Lakini ukiusoma tangu mwanzo utaona kwamba kabla hajafika kwa mume, alishamwagiza bintiye ashike dini, awe na adabu na ulimi mwema, na awe mkweli mwenye kushikamana na haki. Mama aliyejiona yu karibu kufa hana nafasi ya kusema mengi. Yale aliyotanguliza ni yale aliyoyaona mazito. Ukweli ulikuwa miongoni mwake.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kutuzwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyotumwa kuni akiwa mtoto huko Ihithe, Nyeri. Mama yake alimwonya asiokote kuni za mugumo, akimwambia kwamba huo ni mti wa Mungu. Hautumiwi, haukatwi, hauchomwi. Hayakuwa mahubiri, yalikuwa maneno machache ya mama kwa mtoto anayekwenda kuni. Mtoto yule alikua, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 1989 akasimama kupinga jumba refu lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park. Mimi sisemi kwamba mti mmoja ndio uliofanya yote hayo. Nasema kwamba alipokuwa mtu mzima mwenye shahada na jina, bado aliukumbuka mti huo na aliyemweleza habari zake.

UTAMFUNZA SAA NGAPI?

Najua utaniambia: "Dada, mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri mtoto akiwa amelala, na nikirudi nimekwama katika foleni ya magari hadi saa mbili. Mtoto anashinda na yaya. Hayo maadili nitamfunza saa ngapi?"

Swali hili ni la haki, na nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Jibu langu ni kwamba maadili hayana kipindi katika ratiba. Mtoto hakuhitaji saa nzima kunifahamu siku ile ya simu. Alihitaji dakika moja. Vivyo hivyo dakika moja ya uaminifu yatosha kuwa somo. Nusu saa unayompata usiku na siku ya Jumapili ni nyingi iwapo anachokiona humo ni kitu kilichonyooka.

Na yaya naye ni sehemu ya somo. Mtoto huona unavyomwita, unavyompa chakula, kama unamlipa siku uliyoahidi au unamzungusha. Ukimwita "wewe!" mbele ya mtoto, usishangae mtoto wa miaka minne akimtuma yaya kama mtumwa. Hakulipata hilo kwa televisheni.

Haya ndiyo machache niliyojifunza kwa njia ngumu, nami nakupa kama nilivyoyapata.

Kwanza, usimpe mtoto uongo wako aubebe. Kama kodi huna, toka mwenyewe umwambie mwenye ploti kwamba huna, umpe siku. Ni aibu, lakini ni aibu yako wewe uliye mtu mzima, usimtwike mtoto.

Pili, usiahidi usichokusudia. "Nyamaza nitakununulia chipsi jioni" ni deni. Mama asiyelipa madeni madogo ya chipsi hawezi kumwelezea mtoto ahadi ni nini.

Tatu, mpe mtoto nafasi ya kuaminiwa. Mtume kioski na shilingi 100, ahesabu chenji, akuletee mkononi. Akirudi na shilingi kumi za ziada kwa kuwa mwenye kioski alikosea, rudi naye mzirudishe. Utapoteza dakika tano.

Nne, usiufanye ukweli uwe ghali kuliko uongo. Mtoto akivunja kikombe akaja mwenyewe kukuambia, naye akachapwa sawa na yule aliyeficha vipande chini ya kochi, amejifunza kwamba kuficha kuna faida. Kiboko chenyewe kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Nyumbani bado tunakishika, na mara nyingi tunamchapa mtoto kwa kosa tulilomfunza sisi.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, ukikosa mbele ya mtoto, tengeneza mbele ya mtoto.

NILIVYORUDISHA

Basi nirudi kwa binti yangu na kandambili iliyokuwa sakafuni. Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia, "Zile pesa hazikuwa zetu. Yule mama aliziomba, nami nikasema sijaziona. Nilidanganya."

Akaniuliza, "Kwa nini?"

Nilitafuta jibu lenye heshima sikulipata. "Kwa sababu nilizitaka," nikasema.

Pesa zenyewe nilikuwa nimeshazitumia karibu zote. Nilimpigia mweka hazina wa chama chetu, nikakopa tena juu ya mkopo. Kisha, binti yangu akiwa ameketi kando yangu, nikaitafuta ile nambari katika simu. Mkono ulinitetemeka kuliko siku nilipokwenda kuomba kazi. Yule mama aliposhika, nilimwambia mimi ni nani na kwamba ninamrudishia pesa zake. Sikumwambia kwamba sikuwa nimeziona. Nilimwambia niliziona siku ile ile.

Huenda unangoja nikuambie kwamba alinibariki na kunishukuru. Hakufanya hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto wangu alirudishwa nyumbani, akakaa wiki nzima." Akatulia tena. "Haya. Zitume." Simu ikakatika.

Binti yangu alikuwa amesikia yote. Aliuliza, "Huyo mtoto yuko gredi gani?" Nikamwambia sijui. Hadi leo sijui, na mara kwa mara hujiuliza mtoto yule naye alijifunza nini kuhusu watu wazima katika wiki ile aliyokaa nyumbani kwa ajili yangu.

Asubuhi iliyofuata binti yangu alizipeleka krayoni kwa mwenyewe. Sikumsindikiza hadi darasani, nilisimama langoni. Jioni nilimuuliza ilikuwaje. Akasema yule mwenzake alimwita mwizi mbele ya wengine, na kwamba yeye alimjibu, "Ndiyo, lakini nimerudisha."

Je, amepona kabisa? Sijui. Juzi nilimkuta amekula mandazi ya ndugu yake, nikauliza nani amekula. Alinyamaza, akatazama chini, kisha akasema, "Ni mimi." Sikumchapa. Nilimwambia ampe ndugu yake yake ya kesho, akalia, akampa. Malezi ndivyo yalivyo, hayaishi siku moja.

Lakini kuna jambo moja limebadilika katika nyumba yetu. Tukiwa ndani ya matatu utingo akauliza umri wa mtoto, naona kichwa kidogo kikigeuka kunitazama. Nami hulipa nauli kamili. Siku nyingine inaniuma, hasa Januari. Lakini najua kilicho nyuma ya kisogo changu.

Msomaji mpenzi, wewe je, wiki hii mwanao ameona nini? Hadi Jumapili ijayo, nakutakia malezi mema.